Mjomba, mti wa kujengea kayaki ya ngozi unapatikana wapi?

Toleo lililopita nilikuwa naandika habari za mtepe, ile boti ya wazee wetu wa pwani iliyoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na mwishoni nikadokeza kwamba kaskazini kabisa mwa dunia Wainuit nao wana kayaki, kiboti chembamba cha kupiga kafi, fremu ya miti imefungwa kwa kamba halafu ikavishwa ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Nilipita haraka. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, mti, kwa hiyo safu yote leo ni ya huo mti.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Mjimwema, Kigamboni, baba ni mvuvi. Nimeona video jamaa anajenga kayaki kwa vijiti vya mti unaitwa wilo, anavipinda tu kwa mkono anavichomeka, nikaipenda sana. Nimezunguka Keko kwa wauza mbao nikiulizia wilo hakuna anayeujua. Kwetu upo? Kwa Kiswahili unaitwaje? Na nikiukosa nitumie nini maana tuko watatu na hela tumeshaanza kuchanga.

Marahaba mwanangu. Jina kwanza. Wilo kwa Kiswahili ni mwerebi, wanaosoma Biblia wanalijua, mierebi ya kando ya vijito. Wataalamu wa mimea wanaiita jamii yake Salix na imejaa zaidi nchi za baridi, Ulaya, Asia ya kaskazini, Amerika ya Kaskazini. Afrika nayo imo, kuna Salix mucronata unaoota kingo za mito kuanzia Misri na Ethiopia mpaka Afrika Kusini, ila huo unataka mto wenye maji muda wote, mchanga wa Kigamboni haumfai. Keko kwa wauza mbao hutaupata kwa sababu sio mti wa mbao hapa kwetu. Ukitaka kuuona mwerebi kwa macho yako hapa hapa Dar nenda siku kuna mechi ya kriketi ukaombe kushika gongo, yale magongo mazuri yanachongwa kwa mwerebi mweupe, mwepesi mkononi lakini mpira ukigonga haupasuki.

Sasa naomba unisikilize kwa makini hapa maana ndio jibu lenyewe. Waliojenga kayaki za mwanzo hawakuwa na msitu wowote. Greenland, huko kwa Wainuit, huna pa kukata mti wa mbao, mierebi yenyewe kule sehemu kubwa ni mifupi imelala chini kama majani ya viazi. Mbao zao ndefu walikuwa wanaokota ufukweni, magogo yaliyoanguka kwenye mito ya Siberia, yakaingia baharini, yakashikwa na barafu yakasafiri nayo miaka mpaka yakatupwa upande wa pili. Kwa hiyo mtu alikuwa anachukua gogo alilopewa na bahari analisoma, hapa pananyooka, hapa pana kifundo, hapa panapindika, na kwa mataruma, zile mbavu zilizopinda za boti, alitumia kijiti chochote chembamba kinachokubali kupinda. Hakuwa anauliza jina. Na wewe usitafute jina la mti, tafuta tabia yake.

Tabia ni hizi. Kijiti kiwe chipukizi, cha mwaka mmoja au miwili, kilichotoka kwenye kisiki au shinani, maana chipukizi la kisiki lina mizizi mikubwa chini inalisukuma lipande haraka, halina muda wa kutoa matawi ya pembeni. Kiwe kimenyooka. Unene wa kidole gumba au pungufu kidogo. Na kikiwa kibichi ukikipinda kisilie.

Kwa huku kwetu pwani mimi ningeanza na mkwamba. Unaujua, kile kichaka kinachoota kwenye mashamba yaliyoachwa na pembezoni mwa njia, kina vitunda vidogo vyeupe watoto wanakula, fito zake zinatoka nyingi kwa pamoja na wavuvi wanazitumia kwenye mitego ya samaki, sasa kitu kinachovumilia kukaa kwenye maji ya chumvi na kuvutwa juu chini kila siku hicho ndicho unachotaka. Wa pili mkole, huo una nyuzi ndefu na unapinda vizuri mno, ila kwa Wazaramo mkole ni mti wa mwali, una heshima yake, usiingie karibu na nyumba za watu na panga bila kuuliza wazee wa hapo. Wa tatu ni mianzi, sio kwa mataruma bali kwa zile fito ndefu zinazokwenda kutoka mbele mpaka nyuma, unaupasua vipande vinne, unakwangua vifundo vya ndani.

Pa kukata: nenda Chanika, Kisarawe, Mkuranga, tafuta mtu anayesafisha shamba kabla ya masika. Yeye anataka kichaka kitoke wewe unataka fito, mtaelewana. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi usiingie kabisa na panga, ule ni hifadhi.

Mbao mbili za ukingo wa juu, hizo zinazobeba boti nzima, hapo ndio urudi Keko ununue paini ya Mufindi. Usikubali kupewa ya juu ya lundo. Pindua mbao, angalia upande wa unene, mistari iende sambamba mwanzo mwisho, kifundo kikubwa kuliko kucha ya kidole gumba iache. Zinakuja futi 12 na wewe utahitaji kama 17, kwa hiyo utaunga kwa mshazari, na mshazari uwe mrefu mara nane ya unene, mbao ya sentimita 2 mshazari wake ni sentimita 16, ukifupisha hapo ndipo itakapokatikia.

Mjomba mambo, niko Mbezi Beach. Kwenye fensi yetu kuna ile miti mirefu iliyonyooka majani yanainama chini, dada wa kazi anasema ndio wilo aliona kwenye tamthilia. Naweza kutumia matawi yake?

Poa mama. Huo ni mwashoki, umetoka India na Sri Lanka, umepandwa kila fensi kuanzia Mikocheni mpaka Bunju. Majani yake yanainama ndio maana watu wanachanganya. Shina lake ni jepesi na limenyooka na zamani mabaharia walilitumia kwa milingoti, lakini matawi ni mafupi na yamejaa vifundo, taruma hutoboi. Ukitaka kujua mwerebi halisi usiangalie majani peke yake, angalia jicho la kijiti, lile linalotaka kutoa tawi jipya: kwenye mwerebi limelala limebana kwenye kijiti na limefunikwa na kofia moja tu, gamba moja, halina magamba mengi yaliyopandana kama miti mingine.

Habari za kazi Mjomba. Niko Mtoni Kijichi, nyuma ya nyumba kuna mikoko kibao na mingine midogo imenyooka kama rula, naona huo ndio wilo wetu. Nikikata 40 tu si hakuna shida?

Shida ipo ndugu yangu na naomba usikate hata mmoja. Mikoko ya nchi hii ni misitu ya hifadhi, inasimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Hilo la kwanza.

La pili ni la mti wenyewe na mimi ndilo linaloniuma zaidi. Ukikata mwerebi, mwakani kisiki kinakurudishia fito kumi pale ulipokata moja. Ukikata mkwamba hivo hivo. Lakini mkoko wenye mizizi ya miguu ya kaa, na mkandaa, na msinzi, ukishaikata chini ya majani haichipui tena, kisiki kinaoza pale pale na mahali pale panabaki tope tupu. Mchu ndio una moyo wa kuchipua. Kwa hiyo 40 zako ni miti 40 iliyokufa, kwenye mahali ambapo kamba wadogo na samaki wadogo wanajificha kabla ya kutoka baharini, na jirani yako anayetega anategemea hao hao.

Na hata kwa kayaki haufai. Mkoko mbichi ni mzito, ukiutupa majini unazama. Mafundi wa majahazi wanautaka kwa mataruma kwa sababu jahazi linabeba tani na tani, uzito wa taruma hausikiki. Kayaki unaibeba begani. Nilishawahi kubeba fremu tupu ya paini na fito nyembamba kwa mkono mmoja kutoka uani mpaka ufukweni, ukitia mikoko utahitaji mkokoteni.

Shikamoo Mjomba, mi ni mtoto wa Temeke lakini sa hivi niko Uingereza kimasomo, nasoma jarida kwenye simu. Huku mierebi imejaa kando ya mfereji, kama utani vile, nyie mnaitafuta mimi nimezungukwa nayo. Nataka nikate likizo ya Krismasi nijenge. Nikate vipi, ngapi, na je nikikata sasa nitaweza kupinda mwezi wa nne hali ya hewa ikipata joto kidogo? Maana baridi ya sasa siwezi kufanya kazi nje.

Marahaba. Wewe ndio umenifurahisha maana una mti wenyewe mlangoni, ngoja nikae vizuri nikujibu.

Kwanza muulize mwenye kingo. Huko kila mfereji una wenyewe, na mara nyingi wao wenyewe wanatafuta mtu wa kuwapunguzia hayo machaka.

Wakati wako ni sahihi. Mwerebi hukatwa majani yakishadondoka na kabla macho hayajaanza kuvimba, yaani kuanzia Novemba mpaka Machi hivi. Kipindi hicho utomvu uko chini, kijiti kimetulia, na mti haupati jeraha kubwa. Ila kuna kitu kimoja, gome. Ukikata Desemba gome limegandamana, kulimenya ni kazi ya kukwangua na kisu. Ukisubiri mpaka majira ya kuchipua, utomvu ukipanda, unachana tu kwa kucha na gome lote linavuka kama soksi, na ndani kijiti ni cheupe kinateleza. Watu wa Somerset, huko huko Uingereza, wanaolima mwerebi wa vikapu wanakata baridi, halafu fito za kumenya wanazisimamisha kwenye maji kidogo mpaka majira ya kuchipua, zinadanganyika kwamba bado ziko hai, zinatoa majani, ndio wanamenya. Wewe unaweza kufanya hivo hivo kwenye pipa nyuma ya hosteli, na hilo ndio jibu la mwezi wa nne. Usiziache kavu ndani kwenye joto la hita, zitakuwa kuni.

Kumenya kuna faida, uzito unapungua na unyevu haukai chini ya gome ukaozesha. Mimi ningemenya.

Chagua aina. Mierebi ya vichaka, ile ya vikapu, ndio mizuri. Kuna mkubwa mmoja wazungu wameuita kabisa mwerebi wa kuvunjika, kwa kisayansi Salix fragilis, ukikibonyeza kijiti pale kilipoungana na tawi kinadondoka na mlio mkali. Jaribu kijiti kimoja kabla hujakata mzigo.

Kukata, tumia mkasi wa bustani mkali au kisu, usivunje kwa mkono ukachana gome la kisiki. Kata karibu na kisiki, mshazari, maji ya mvua yateleze yasikae juu yakaozesha. Usimalize shina lote la upande mmoja. Na ukimaliza chukua vipande vya urefu wa mkono kutoka ncha zilizobaki uzichomeke kwenye tope pale pale, upande wa chini ubaki chini, mwerebi unaotesha mizizi kwa kuchomekwa tu, umelipa ulichochukua.

Ngapi? Hapo mpaka ujue boti yako, na kayaki ya Greenland inapimwa kwa mwili wa mwenyewe, hakuna futi kamba. Nyoosha mikono pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, mara tatu, huo ndio urefu. Upana, nyonga zako ongeza ngumi mbili, moja kila upande. Kina, ngumi na kidole gumba kimesimama juu yake. Babu yangu alikuwa anachonga ngalawa Kunduchi kwa shoka na tezo na yeye alipima kwa shibiri na dhiraa, ile kitu ya kupima chombo kwa mwili mimi nilikuwa naidhani ya kwetu tu. Kwa mtu wa kawaida inakuja kama mita 5, mataruma yakikaa kila sentimita 15 unapata kama 30. Basi kata 60. Usiniulize kwa nini mara mbili, utajua mwenyewe ukianza kupinda.

Jambo la mwisho ambalo watu wengi hawalioni mpaka boti imeshaenda upande. Kila kijiti kina tako na ncha, tako nene ncha nyembamba. Ukikipinda, upande mwembamba unapinda zaidi kuliko mnene. Sasa ukiweka matako yote kushoto, boti nzima itakuwa na tumbo kulia, na ukipiga kafi inakupeleka pembeni siku zote. Kwa hiyo pishanisha, hili tako kushoto, linalofuata tako kulia, mpaka mwisho. Na kata fito ndefu kuliko unavyohitaji halafu tumia sehemu ya katikati tu, huko ndiko unene unakaribia kulingana.

Ukipata nafasi ya kwenda Wales, mto Teifi, kaangalie vile viboti vyao vya duara, vimejengwa kwa mwerebi uliopasuliwa, zamani vilivishwa ngozi ya ng'ombe na siku hizi ni kitambaa kilichopakwa lami. Mtu mmoja anakibeba mgongoni kama kobe. Kaa uviangalie vinavyosukwa, nina hakika utatoka na kitu.

Mjomba naomba msaada. Niko Tandika, tumeshakata fito za mkwamba kama ulivyowahi kumwelekeza mwenzetu mmoja, mbao tumeshachimba matundu, lakini mataruma yanavunjika, tumevunja 14 mpaka sasa. Wenzangu wanataka tuache.

Msiache. Yaliyowapata yamenipata mimi mwaka ule niliojenga na mpwa wangu, tulivunja zaidi ya hizo. Tulikata fito Jumamosi asubuhi Kisarawe, tukazifunga juu ya gari, jua likazipiga mpaka Dar, foleni, tukafika jioni, tukaziegemeza ukutani tukasema tutapinda Jumapili baada ya chakula. Jumapili zikawa zinavunjika moja baada ya nyingine na mpwa wangu akawa karibu kulia. Kosa halikuwa kwenye mti, kosa lilikuwa lile jua. Siku hizi fito ikishakatwa inaingia kwenye gunia lililoloweshwa palepale shambani, gunia linakaa kivulini, na nikifika nyumbani nazilaza kwenye beseni la maji mpaka dakika ya kupinda.

Halafu mkono. Kaa chini, ufito juu ya goti, vidole gumba viwili viwe vimekaribiana vinasukuma na vidole vingine vinavuta. Usipinde kwa kushika ncha mbili, ukishika ncha nguvu yote inakwenda mahali pamoja, palipo dhaifu. Pinda kidogo, sogeza vidole sentimita 2, pinda kidogo tena, tembea nao mpaka mwisho, urudi, mara tatu nne, kila safari unaongeza. Utasikia ufito unalegea, unakuwa kama una misuli iliyochoka. Ukisikia tik ndogo simama hapo hapo. Angalia nje ya mkunjo, kama uzi mmoja umenyanyuka, huo bado unaweza kufaa mbele au nyuma ya boti ambako mkunjo ni mpole, usiutupe. Palipo na kifundo weka upande wa ndani wa mkunjo, usikiweke nje, nje ndiko kunakovutwa.

Kama fito zimeshakauka kabisa, mvuke. Debe, maji nusu, juu ya jiko la mkaa, juu yake boksi refu la mbao uliloziba nyufa kwa matambara, mvuke uingie upande mmoja utoke upande wa pili kidogo kidogo. Usitumie bomba la plastiki la maji, linalegea kwa joto. Kwa unene wa sentimita 1 zikae dakika 20 mpaka 25. Ukitoa moja una sekunde chache sana, kumi, kumi na tano, kwa hiyo mwenzako awe ameshashika ubao na tundu linasubiri, vaa glavu au kitambaa, pinda, chomeka pande zote mbili, achia. Usiizungushe zungushe mkononi ukiitazama.

Mbili za mwanzo ziwe za katikati ya boti, mpangilio wa zote zinazofuata unatoka kwa hizo. Na kila ukishachomeka tatu nne simama mwisho wa fremu, funga jicho moja, angalia kama mkunjo wa chini unashuka na kupanda laini. Penye kuruka utoe upinde tena kabla haujakauka.

Kufunga tumieni uzi wa nyavu, ule mnene wa nailoni, pale soko la samaki la Feri unapatikana. Msitie skrubu. Fremu inatakiwa itembee, ipige wimbi ijikunje irudi, skrubu itapasua ufito wa unene ule siku ya kwanza.

Na kwa kuwa mtauliza tu kitambaa: amerikani nzito au turubai la pamba, lile la kizamani la kushonea matanga. Likishonwa juu ya fremu linaloweshwa na maji, pamba inajibana yenyewe, likikauka rangi ya mafuta mikono mitatu minne, kila mmoja ukauke. Turubai la bluu la plastiki hapana. Wainuit walioshona ni wanawake, na mshono wao ulikuwa wa mara mbili, sindano inaingia kwenye unene wa ngozi inatokea bila kutoboa upande wa pili, maji hayana pa kupita. Ngozi ikapakwa mafuta ya sili kama huku tulivyopaka vyombo vyetu sifa, yale mafuta ya papa. Kwenye kitambaa mshono huo hauwezekani, ndio maana rangi iingie vizuri kwenye kila tundu la sindano.

Mjomba, mimi ni mama wa kijana wa miaka 19, tuko Kunduchi. Ananiambia anajenga boti ya kitambaa aende nayo kisiwa cha Mbudya. Boti ya kitambaa Mjomba! Nimkataze?

Dada yangu, pole kwa wasiwasi na mimi ningekuwa nao. Kumkataza kujenga usimkataze. Watu wamewinda sili na nyangumi kwa vyombo hivi katikati ya barafu, wepesi wake sio udhaifu. Kinachoua ni mambo mengine na haya ndio umsimamie.

Mwamba. Maji yakitoka hapo Kunduchi unaona matumbawe na chaza zilizoshika mawe, zile zinakata kitambaa kama wembe. Aingie na kutoka kwenye mchanga tu, maji yakiwa yamejaa, na abebe kipande cha amerikani na gundi isiyoyeyuka kwa maji kwenye mfuko mkavu.

Kuzama. Fremu na kitambaa vikijaa maji vinamlemea. Achukue mipira ya ndani ya pikipiki, aijaze upepo, mmoja mbele mmoja nyuma, aifunge kwenye mataruma isitoke. Boti ikijaa maji itabaki juu na yeye ana kitu cha kushika. Na laifujaketi avae, asiiweke miguuni.

Upepo. Miezi ya sita mpaka ya nane kusi inavuma kweli, asubuhi bahari ni kioo na saa nane mchana imechafuka. Atoke alfajiri arudi kabla ya saa nne. Mbudya asiende mpaka awe amekaa na hiyo boti miezi, na siku akienda asiende peke yake, aende na ngalawa au boti ya injini pembeni. Na asikaribie mlango wa bandari hata kidogo, meli haimuoni.

Kabla ya yote hayo ajifunze kupinduka. Wiki nzima ya kwanza, maji ya kiunoni, mtu mzima amesimama pembeni yake, apinduke kwa makusudi atoe miguu atoke, apinduke tena, mara 20, mpaka atoke bila kushtuka. Nenda naye dada, wewe mwenyewe, na usimruhusu kuvuka kina cha kifua mpaka umemwona ametoka mara zote 20.